Riba Tasa

Mashati ya skuli mia mbili na arobaini,
mitandio myeupe mia na ishirini,
vifungo vyote nimetia kwa mkono
maana mashine ya vifungo iko Chake na nauli sina.
Bwana Suwedi Nassor akapokea dukani kwake, Wete,
akahesabu, akasema mashaallah,
akasema Jumatatu.

Jumatatu za Bwana Suwedi hazimo kwenye kalenda.
Jumatatu ya baada ya Idi.
Jumatatu karafuu zikichumwa.
Karafuu zikachumwa, zikaanikwa, zikatiwa magunia,
na Jumatatu ikaondoka nazo.
Kukopa harusi, kulipa matanga, ndivyo tulivyofunzwa.
Harusi ilikuwa yake. Matanga nilikaa mimi:
niliuza cherehani ya pili, ile ya mguu,
nikakopa mafuta ya taa kwa Bi Zume,
na Bi Zume alipokuja kudai
nikamwambia Jumatatu.

Kesi iliitwa mara sita. Mara nne hakimu yuko Unguja.
Siku ya hukumu nilivaa buibui la kuazima.
Akasoma: milioni mbili na laki nne,
na gharama za kesi,
na riba ya asilimia saba kwa mwaka
tangu leo hadi siku deni litakapokwisha.
Neno riba likaanguka kwenye benchi letu
kama mjusi kutoka darini.
Dada yangu Mgeni akanifinya paja.

Nikamfuata karani, Faki Shaame, kijana wa Mtambwe,
kioo kimoja cha miwani kimeshikwa kwa plasta.
"Na siku za kabla ya leo? Zile Jumatatu zote?"
"Hukuziomba kwenye madai, mama.
Korti haimpi mtu asichoomba."
Akageuza karatasi iliyokwisha tumika, akanipigia hesabu:
laki moja na sitini na nane elfu kwa mwaka,
gawa kwa mia tatu na sitini na tano,
mia nne na sitini kwa siku, na senti.
Andazi moja na nusu.
Huo ndio uzito wa siku yangu moja, nikafikiri,
na bado ni zaidi ya alivyoupima Suwedi.
"Na hiyo riba nayo ikichelewa, itazaa?"
"Haizai. Hii tasa. Deni peke yake ndilo mzazi,
mtoto hapewi mtoto."
Nikacheka, ndani ya korti, hata bawabu akageuka.

Alilipa siku ya mia tisa na kumi na mbili,
asubuhi ile dalali wa mahakama alipoingia dukani
akaanza kuandika friji ya soda kwenye orodha yake.
Faki akanipa bahasha mbili. Sikumwambia azitenge.
Katika ya pili: laki nne na elfu kumi na tisa,
mia saba na sabini.

Mgeni kasema usiile, ni moto.
Maalim Hija kasema usiile, wala usimrudishie;
itoe, na usingojee thawabu.
Niliilaza chini ya mto siku saba.
Nilijaribu kuiita jina jingine,
nikaiita Jumatatu, nikaiita macho yangu,
nikaiita cherehani ya mguu.
Asubuhi ilikuwa inaitwa vilevile.

Nikaipeleka skuli ya Limbani.
Choo cha wasichana, mlango wa bati, komeo kwa ndani.
Wanaingia humo na mitandio yangu vichwani.

Bahasha nimebaki nayo. Ndani mna karatasi ya Faki:
siku mia tisa na kumi na mbili, kwa mwandiko wa serikali.
Kabla yake hakuna aliyezihesabu.

Jioni nikaenda kwa Bi Zume
na pesa ya mafuta ya taa, kamili,
na sahani ya maandazi imefunikwa kawa.
"Haya nayo ya nini?"
"Hukuyaomba," nikamwambia.